ThinkPad X220 ya mtumba: utie nini, ufungue vipi, ukatae lini

Lenovo waliitoa ThinkPad X220 mwaka 2011, na kwa anayependa kutengeneza kompyuta mezani kwake bado ni moja ya laptopi ndogo bora kabisa za kuanzia. Ina kioo cha inchi 12.5, kibodi ya zamani ya safu saba, RAM inayochomoka, diski inayotoka kwa skrubu moja na betri inayotolewa kwa kidole. Ndani hakuna gundi, na karibu kila skrubu inakubali bisibisi moja ndogo ya nyota. Lenovo wenyewe hutoa bure, kwa PDF, mwongozo kamili wa matengenezo wenye michoro ya kila kipande na namba yake ya spea. Upakue kabla hujagusa bisibisi.

Kwa kuandika, hesabu za duka, barua pepe, kusoma PDF, kujifunza programu na kuendesha Linux, mashine hii ikishatiwa SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) na RAM ya kutosha inafanya kazi bila manung'uniko. Kuhariri video, michezo mipya, au kikao cha video huku kivinjari kimejaa tabo, hapana. Prosesa yake, mara nyingi i5-2520M, ina koa (viini vya kuchakata) mbili tu, na imechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu. Ndiyo sehemu pekee muhimu usiyoweza kuibadilisha, kwa hiyo uliyoinunua nayo ndiyo utakayobaki nayo. Tofauti kati ya i5 na i7 za mashine hii ni ndogo. Kinachofanya i7 itafutwe ni kwamba ndiyo yenye tundu la USB 3.0. Za i5 zina USB 2.0 pekee.

Ukaguzi mbele ya muuzaji

Nyingi za mashine hizi zilitoka maofisini Ulaya na Marekani, zikapitia mikono kadhaa kabla ya kufika kwenye meza za Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi. Historia hiyo ndiyo inayoleta tatizo baya kuliko yote, neno la siri la BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya mfumo. Washa mashine na ubonyeze F1 mara tu maandishi ya ThinkPad yanapotokea. Ukiulizwa neno la siri na muuzaji hana, irudishe mezani, hata akipunguza bei kwa nusu. Atakwambia "ukichomoa betri ya saa linafutika". Halifutiki. Neno la siri la msimamizi limeandikwa kwenye chipu ya EEPROM inayotunza kumbukumbu bila umeme, na kulitoa kunahitaji vifaa na mkono uliozoea. Mashine itaendelea kuwaka na kufanya kazi, lakini siku utakayohitaji kubadilisha mpangilio wa diski utakwama.

Cha pili ni kioo. X220 ilitoka na aina mbili, TN ya kawaida na IPS, na ofisi nyingi zilinunua TN kwa sababu ya bei. Huhitaji programu kuzitofautisha. Fungua ukurasa mweupe wenye picha, kisha inamisha kioo mbele na nyuma. TN hufifia na rangi kugeuka ukiiangalia kutoka chini. IPS hubaki vilevile. Zote ni 1366×768, kwa hiyo usitegemee nafasi zaidi ya kazi, ila kwa macho ya mtu anayesoma siku nzima tofauti ni kubwa mno. IPS nayo ina ugonjwa wake, picha kuganda. Weka picha ya miraba myeusi na myeupe kwa dakika kumi, kisha fungua ukurasa wa kijivu. Ukiona kivuli cha miraba bado kipo baada ya dakika moja, kioo hicho kimechoka na bei ishuke.

Ukipata mashine nzuri yenye TN, usiikatae kwa sababu hiyo tu. Paneli ya IPS ya LG, namba LP125WH2-SLB3, huingia bila kubadilisha kebo wala programu yoyote, na ile ya X230, mrithi wa X220, ni ileile. Ondoa skrubu zilizofichwa chini ya vibandiko vya fremu ya kioo, bandua fremu kwa kadi ya plastiki ukianzia chini, legeza skrubu za pembeni mwa paneli, ilaze kifudifudi juu ya kibodi iliyofunikwa kitambaa, chomoa kebo. Toa betri kabla ya yote hayo. Kebo ya kioo ikichomolewa huku kuna umeme, fyuzi ndogo ya taa ya kioo kwenye mazabodi inaweza kuungua, na hapo utapata kioo kipya chenye picha hafifu inayoonekana kwa tochi tu.

Mambo mengine ya mezani ni ya haraka. Angalia kama kifuniko cha diski kipo, pamoja na reli mbili za mpira zinazoishikilia. Wauzaji hutoa diski na kupoteza vyote. Angalia mpangilio wa kibodi. Zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, na stika za herufi zilizobandikwa juu hung'oka ndani ya miezi. Kibodi yenyewe ni spea rahisi kupatikana kwa sababu inaingiliana na ya ThinkPad T420 na T520. Tikisa kioo uone kama bawaba zinashika. Chomeka chaja, uisogeze kidogo tunduni. Taa ikizimika na kuwaka, tundu la chaji limelegea. Hilo silo la kukutisha, kwani kwenye X220 tundu hilo liko kwenye waya wake wenyewe na hubadilishwa bila kuchomelea.

RAM na SSD: fedha ya kwanza iende hapa

RAM zote mbili ziko chini ya mlango mmoja mgongoni. Ni DDR3 za laptopi, pini 204, za kasi ya MHz 1333. Za 1600 zinakubalika lakini kwa kawaida zitakimbia 1333, na DDR3L nazo hufanya kazi. Lenovo waliandika kikomo cha GB 8. Kiuhalisia inapokea GB 16, yaani mbili za GB 8. Kwa matumizi ya kawaida GB 8 zinatosha, lakini ziwe mbili za GB 4 badala ya moja ya GB 8. Kadi ya picha ya Intel HD 3000 haina kumbukumbu yake, hukopa kwenye RAM, na njia mbili zikifanya kazi pamoja utaona tofauti hata kwenye kusogeza kurasa. Mashine ikikataa kuonyesha chochote baada ya kuweka RAM, toa zote, futa pini kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, uanze na moja kwenye nafasi moja. Mara nyingi kosa ni RAM ambayo haikuingia hadi vishikizo vya pembeni vikalia.

Diski inatoka ubavuni kwa skrubu moja. Nafasi ni ya milimita 7 tu, kwa hiyo diski za zamani za milimita 9.5 hazitaingia na reli zake. SSD za inchi 2.5 za siku hizi ni za milimita 7, na tundu hili linakwenda kwa SATA ya gigabiti 6 kwa sekunde. Kabla ya kusakinisha mfumo, ingia BIOS, sehemu ya Config, kisha Serial ATA, uhakikishe imewekwa AHCI, hali ya kisasa ya kuwasiliana na diski.

Kuna nafasi ya pili ambayo wengi hawaijui, ya mSATA (SSD ndogo isiyo na ganda), ile ile ya kadi ya laini ya simu, chini ya bamba la viganja. Inakwenda gigabiti 3 tu, nusu ya ile kubwa. Mpango mzuri ni mfumo kwenye SSD kubwa na mSATA kwa mafaili, au kinyume chake kama diski kubwa bado ni ya kuzunguka. Usinunue M.2, SSD ndogo za laptopi mpya, ukidhani ni kitu kilekile. Umbo ni tofauti, na NVMe haihusiani kabisa na mashine hii.

Joto na feni: hapa ndipo kazi ilipo

Kama kuna jambo la kuilaumu X220, ni mahali walipoweka feni. Kwenye laptopi nyingi za wakati wake unafungua kibodi na feni iko mbele yako. Hapa lazima utoe kibodi, bamba la viganja, kioo kizima na bawaba zake, kisha uinue mazabodi kutoka kwenye sehemu ya chini. Tenga alasiri nzima kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana mashine nyingi za mtumba hazijawahi kusafishwa tangu zitoke kiwandani, na pesti yake, krimu ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa, imekauka kuwa unga.

Kwanza pima kama kazi yenyewe inahitajika. Weka programu inayosoma joto (HWiNFO kwenye Windows, `sensors` kwenye Linux) na uibebeshe prosesa kazi kwa dakika tano. Kikomo chake ni nyuzi 100. Ikifika 95 ndani ya dakika moja na kasi ikaanza kushuka, hakuna ujanja, ifungue. Ikitulia kwenye 80 na kitu, iache. Kufungua mashine isiyoumwa ni kuitafutia ugonjwa.

Toa betri na chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza umeme uliobaki. Mgongoni skrubu zina michoro midogo, ya kibodi na ya bamba la viganja. Kabla ya kuzitoa, chora umbo la mgongo kwenye karatasi na ubandike kila skrubu mahali pake kwa selotepu, kwa sababu urefu wake haulingani. Skrubu ndefu kwenye tundu fupi itatoboa bamba kwa juu au kukwaruza mazabodi, na hilo la pili ndilo linaloua mashine siku ile ile ya "kuihudumia". Sukuma kibodi kuelekea kwenye kioo milimita mbili hivi, inua ukingo wa mbele, kisha chomoa kiunganishi chake kwa kukivuta juu, sio pembeni. Bamba la viganja lina utepe mwembamba wa tachipedi. Inua kishikizo chake kwanza, usiuvute kwa nguvu.

Nyaya za antena za Wi-Fi ni vidude vidogo vya mviringo vinavyobanduka kwa ukucha ukiviinua wima. Wa kijivu ni antena kuu, mweusi ni wa ziada, piga picha. Baada ya kutoa kioo na kuinua mazabodi, legeza skrubu za bomba la shaba kwa zamu na kwa mshazari, zamu nusu nusu, ili uzito usilalie upande mmoja wa silikoni iliyo wazi. Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Pesti mpya iwe kiasi cha punje ya mchele katikati ya silikoni. Ukiona inamwagika pembeni baada ya kubana, umezidisha, na ingawa pesti nyingi hazipitishi umeme, zile zenye chembe za fedha ni bora zikae mbali na vipande vidogo vilivyo jirani. Vipande laini vya mpira vya kupitishia joto usivibadilishe kwa pesti. Unene wake ndio unaojaza pengo.

Feni yenyewe isafishwe kwa brashi huku mabawa yameshikwa yasizunguke. Vumbi baya halipo kwenye mabawa. Limeganda kama blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba, na kulipuliza kwa mdomo kutoka nje hulisukuma ndani zaidi. Feni ikiwa na mlio wa kukwaruza hata ikiwa safi, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili huinunulia muda, lakini agiza feni nyingine pamoja na bomba lake. Ukiwasha na kukuta maandishi "Fan error" na mashine ikazima, kiunganishi cha feni hakikuingia sawasawa.

Ukiwa umefika ndani hivyo, badilisha na betri ya saa. Ni CR2032 yenye nyaya mbili na kiunganishi. Ikifa, mashine hupoteza tarehe na kukusalimia kwa kosa namba 0271 kila asubuhi. Nunua iliyokwisha kuungwa nyaya. Kuchomelea moja kwa moja kwenye betri ya kitufe kunaipasha moto na inaweza kupasuka.

Betri na chaja

Betri zake zina namba 29: ya seli nne ni 29 tupu, ya sita ni 29+, ya tisa ni 29++ na inachomoza nyuma. Za X230 ni namba 44 na umbo ni lilelile, jambo linalowachanganya wauzaji na wanunuzi. X220 haichagui sana, na betri zisizo za Lenovo huchajiwa kama kawaida, jambo ambalo X230 hukataa kwa ujumbe kwenye kioo. Hilo pekee ni sababu nzuri ya kuchagua hii.

Lakini betri za bei ya chini huandikwa uwezo usiokuwemo. Baada ya kuinunua, iweke kwenye chaji hadi ijae, kisha soma `upower -d` kwenye Linux au `powercfg /batteryreport` kwenye Windows, ulinganishe uwezo unaosomeka na ulioandikwa kwenye stika. Kama mashine hukaa mezani kwenye umeme muda mwingi, weka TLP (programu ya Linux ya kusimamia umeme) na uiambie ianze kuchaji ikishuka chini ya asilimia 75 na isimame kwenye 80; seli zinazokaa zimejaa huku zikipata joto huchakaa mapema.

Chaja ya asili ni volti 20, ampea 3.25, yaani wati 65, kichwa cha duara cha milimita 7.9 kwa 5.5 chenye pini katikati. Ya wati 90 inafaa pia, haiunguzi kitu. Kuna kebo zinazotoa volti 20 kutoka chaja ya USB-C ya wati 65. Zinafanya kazi vizuri, na zinasaidia anayetumia benki ya umeme wakati wa mgao, ilimradi benki hiyo itoe volti 20 kweli. Nyingi huishia 12.

Wi-Fi na BIOS inayochagua

Kadi ya asili inaweza kuwa ya 2.4 GHz peke yake. Ukichomeka kadi yoyote ya kisasa, mashine inasimama kwenye kosa 1802 na haiendelei, kwa sababu BIOS ina orodha ya kadi inazozitambua. Njia nyepesi ni kutafuta Intel 6205 yenye namba ya spea ya Lenovo 60Y3253, ya bendi mbili. Kadi ya 6205 isiyo na namba ya Lenovo inaweza kukataliwa vilevile, hivyo soma stika.

Njia nzito ni kubadilisha BIOS yenyewe, iwe kwa ile iliyoondolewa orodha au kwa coreboot, mbadala huria wa BIOS. Chipu iko chini ya bamba la viganja, ina MB 8, na husomwa kwa CH341A, kifaa kidogo cha USB cha kusoma na kuandika chipu, na klipu ya pini nane. Toa betri zote, pamoja na ya saa. Bodi nyingi nyeusi za CH341A hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data ilhali chipu ni ya 3.3, pima kwa mita kwanza. Soma chipu mara mbili, linganisha mafaili, na yasipofanana usiandike chochote, kwani klipu haijakaa vizuri. Nakala ya asili iweke sehemu mbili tofauti. Kwa kadi ya Wi-Fi peke yake, kazi hii yote haina faida. Adapta ndogo ya USB inatosha.

Ule ubadilishaji mwingine unaosifiwa sana mitandaoni, wa kuweka kioo cha 1920×1080, unahitaji ubao wa ziada unaochomelewa kwenye njia ya DisplayPort ya kituo cha meza (doki). Gharama yake inafika bei ya mashine nyingine nzima, unapoteza njia hiyo ya picha, na kurekebisha mwangaza huleta usumbufu. Ni wa wapenzi wa kuchezea vyuma. Anayetaka kazi anunue kioo cha nje, mashine ina VGA na DisplayPort.

Mfumo wa kuweka

Microsoft walimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiitambui prosesa hii wala chipu yake ya usalama, TPM. Linux Mint au Debian yenye XFCE, sura nyepesi ya mezani, ndiyo makazi yake. Wi-Fi, sauti, vitufe vya mwangaza na kulala vyote huitikia bila kutafuta draiva. Kwenye video kuna jambo la kujua. HD 3000 hufungua H.264, aina ya ubanaji wa video, kwa vifaa vyake, lakini YouTube hupenda kutuma aina mpya zaidi, VP9 au AV1, na hapo prosesa inabeba mzigo wote, feni inapiga kelele na picha inakatika. Weka kiongezi cha h264ify, kinachoiomba YouTube itume H.264, kwenye kivinjari na ubaki kwenye 720p. Kioo hakionyeshi zaidi ya hapo hata hivyo.

Anayetaka kubadilisha na prosesa yenyewe atazame T420 ya mwaka huohuo. Ina inchi 14, kibodi ileile, na prosesa imekaa kwenye soketi. Ila i7 za koa nne hula wati 45 dhidi ya 35 za asili, kwa hiyo pesti mpya na feni safi zitangulie, na chaja iwe ya wati 90.